Nahodha wa Nchi Kavu

Kutoka Kitale mpaka maji ya chumvi ni safari ya mchana na usiku, na bado mji mzima ulimwita Nahodha. Wauza mitumba walimwita hivyo, mafundi wa gereji walimwita hivyo, na hata kasisi, alipomtaka asome somo la pili Jumapili, alisema tu, "Nahodha, karibu mbele." Mwanzoni jina lilikuwa la kumcheka. Mtu akipita barabara ya Kipsongo katikati ya vumbi la mahindi, amevaa kofia yenye nanga iliyofifia na ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ikawa na mistari, watu watamwita jina tu. Yeye alilichukua jina lile la kejeli akalivaa kama alivyovaa ovaroli, na baada ya muda hakuna aliyethubutu kucheka.

Nilimjua kwa miaka tisa, na kwa mingi ya hiyo nilimchukia. Namwandika kwa sababu ya ndugu yangu Wekesa, aliyekufa baharini mwaka juzi, na kwa sababu ya neno ambalo Nahodha alilisema mbele ya jeneza lake. Alimwita mjinga. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, lakini wazee wa ukoo wetu hawakubali jina la mtu aliyekufa kwa ujinga wake mwenyewe. Wanasema ujinga hurithiwa pamoja na jina. Wekesa aliacha mke mwenye mimba. Mtoto alizaliwa miezi minne baada ya mazishi, wa kiume, akabatizwa, na akakaa karibu mwaka mzima bila jina la nyumbani. Walimwita Toto. Nilichotaka kwa Nahodha ni kitu kimoja tu: alirudishe neno lake mbele ya wazee, ili mtoto apate jina la baba yake.

Shule ya Nahodha ya kuendesha boti, ambako mimi na Wekesa tulisoma, ilikuwa ua wa nyuma wa duka la vipuri. Mwenye duka, Kalasinga mmoja mpole, alikuwa amenunua boti ya faiba akitaka kwenda kuvua samaki ziwani Turkana. Alikwenda mara moja, akarudi na boti juu ya lori, na hakutaja samaki tena. Ilikuwa boti ndogo, hatua nane kutoka pua hadi tako, na injini yake ya dizeli ilikaa ndani, katikati, chini ya sanduku la mbao. Nahodha aliipandisha juu ya matairi manne ya trekta ili iyumbe. Hapo ndipo tulipojifunzia bahari. Mmoja alishika usukani, mmoja alisimama mbele na ndoo akimmwagia maji ya uso, na sisi wengine tulishika miti ya mkaratusi tukaisukuma boti huku na huku kwa nguvu zetu zote. Kwa kuwa hapakuwa na bahari ya kupoza injini, Nahodha alikuwa ameuchomoa mpira wa kuvuta maji na kuutumbukiza ndani ya pipa lililosimama kando. Kulijaza pipa hilo kutoka kisimani ilikuwa adhabu, na pipa halikukaa tupu hata siku moja.

Watu walipita nje ya ua wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Waliona watu wazima kumi na wawili wanaitikisa boti isiyokwenda popote, na mzee anapiga kelele, "Wimbi! Wimbi ringine! Umerara?" Alikuwa Mbukusu wa Myanga, na kama wengi wa rika lake, r na l zilibadilishana viti mdomoni mwake. Alikuwa ameendesha boti pwani zaidi ya miaka ishirini na bado aliiita bahali. Hakuna aliyemsahihisha. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, na hicho ndicho kilichosahihisha wengine.

Alikuwa na tusi la kila mtu, lililoshonwa kwa kipimo chake. Mimi aliniita Unga, eti kwa ulaini wangu. Wekesa, ambaye hakuwa msemaji, alimwita Padre. Mwanafunzi mmoja alichelewa kwa sababu alikuwa ametoka kumzika mama yake. Nahodha alimsimamisha juu ya boti akamwambia, "Mama yako amekufa mara moja. Wewe ukicherewa huko bahali utakufa na watu saba." Mwingine alifika mpaka siku ya mwisho, siku ambayo Nahodha aligawa barua za kutupeleka pwani kufanya mtihani wa leseni na kutafuta kazi. Aliitwa mbele afunge fundo la kamba, akalikosea. Nahodha aliikunja barua yake taratibu, akaitia mfukoni, akamwambia aende nyumbani akafunge ng'ombe. Mtu yule alikuwa ameacha kazi ya ulinzi ili asome. Leo anaendesha bodaboda, na akiliona lile duka la vipuri huvuka barabara.

Lakini alijua alichofundisha, na hilo ndilo linalonitesa. Alitufundisha kwamba boti yenye injini ya ndani haigeuzwi na injini. Inageuzwa na maji yanayosukumwa na propela kupita kwenye ubao wa usukani ulio chini, kwa hiyo ukiondoa mafuta kabisa kwa hofu, umeshika usukani wa mapambo. Wimbi la mbele usilipe ubavu, wala usiliparamie moja kwa moja. Lipe pua, pembeni kidogo. Ongeza mafuta ukipanda, punguza kabla ya kilele, la sivyo boti itaruka na kuanguka kama gunia la mahindi kutoka kwenye lori. Bondeni ongeza tena. Wimbi la nyuma ndilo muuaji, alisema. Ukiingia mlango wa mwamba, ule mwanya wa kupitia kwenye miamba inayoikinga pwani, kaa mgongoni mwa wimbi lililo mbele yako, usilipite, na usikubali lililo nyuma likufikie.

"Na usiangarie nyuma," alisema. "Ukiangaria nyuma, mkono unafuata macho, na boti inafuata mkono. Nyuma kuna nini? Mama yako?"

Aliyegeuza shingo alipigwa mpira wa maji juu ya shingo ileile. Wekesa alipigwa kuliko sisi sote, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhakikisha. Nyumbani alikuwa akifunga mlango halafu anarudi kuujaribu. Kwenye boti alitaka kuona kama bomba la moshi nyuma linatema maji, maana injini inayopozwa vizuri hutema maji pamoja na moshi. Ilimchukua miezi mitatu ya mpira kuacha tabia hiyo. Siku alipoendesha mwanzo hadi mwisho bila kugeuka hata mara moja, Nahodha alisema, "Sasa Padre amekuwa mtu," na Wekesa alitabasamu njia nzima mpaka nyumbani.

Sitasema alikuwa jiwe. Jiwe lingekuwa rahisi kulichukia. Kwaya ikiimba nyimbo za Pasaka alilia bila kujificha, machozi yanaingia kwenye kola ya ovaroli. Hakula samaki; alisema anawajua mno. Injini aliiita mama, akaifuta kwa kitambaa safi kuliko leso yake. Wakati mmoja nilishikwa na malaria nikalala siku nne katika chumba tulichopanga Kipsongo, mimi na Wekesa. Nahodha alikuja na thamosi ya uji, akaketi juu ya jerikani, akanitukana kikombe baada ya kikombe. "Kunywa, Unga. Ukikufa sasa watasema ni mimi." Nilipomaliza alikiosha kikombe mwenyewe, akakifunika juu ya meza, akaondoka bila kwaheri. Hakuwa na mtoto. Mke alikuwa naye zamani huko pwani, akamwacha au akaachwa, hatukuwahi kujua, na hatukuthubutu kuuliza.

Alikuwa na misemo yake, na mingine bado naitumia. Bahari haina binamu, alisema, kwa maana kwamba haitakusaidia kwa kuwa inakujua. Anayeogopa ni mzima, asiyeogopa ni mzigo.

Niliielewa hiyo ya pili nikiwa na abiria saba. Nilikuwa nimepata kazi katika hoteli moja ya pwani, naendesha boti ndogo ya dizeli, napeleka wageni nje ya mwamba kutazama samaki na kuwarudisha. Alasiri moja ya kusi upepo ulibadilika tukiwa nje. Tulipoufikia mlango wa mwamba, maji yalikuwa yanatoka huku mawimbi yanaingia, na pale yalipokutana bahari ilisimama wima ikaanguka, ikasimama tena. Mgeni mmoja alianza kusali. Baharia wangu alisema, "Dada, tungoje." Mafuta hayakuturuhusu kungoja. Nilizunguka nje ya mlango mara mbili nikihesabu, na likapita kubwa, na la pili, na la tatu, nikaingia nyuma ya la tatu. Mkono wangu wa kulia uliongeza na kupunguza mafuta bila kuniuliza. Nilihisi tako la boti likinyanyuliwa na kutaka kukimbilia kushoto, nikalirudisha kabla halijakimbia. Sauti ya mzee ilikuwa sikioni mwangu inanitukana kwa jina langu la Unga, na mimi namjibu kwa sauti, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tulitokea kwenye maji laini ndani ya mwamba. Nilifunga kamba gatini, nikaenda nyuma ya choo nikatapika. Jioni nilimpigia simu kumshukuru.

"Kwa hivyo?" alisema, akakata.

Sasa niseme habari ya valvu. Chini ya sakafu ya boti ya namna hiyo kuna tundu linaloingiza maji ya bahari ya kupoza injini, na juu ya tundu kuna valvu ya shaba. Boti ikipandishwa nchi kavu kutengenezwa, fundi huifunga. Ikirudi majini, kabla ya kuwasha, lazima uifungue. Mtoto wa pwani anajua hili kama sisi tunavyojua kwamba jembe lina upande wa kukatia. Sisi wa Kitale hatukujua. Kwetu maji yalitoka kwenye pipa. Ile valvu ilikuwapo pale chini ya miguu yetu kwa miezi yote ile, imejaa vumbi, na hakuna mkono ulioigusa. Wiki yangu ya kwanza pwani fundi mmoja mzee aliniuliza, "Valvu umeifungua, mwanangu?" Nikamwuliza, "Valvu gani?" Alicheka mpaka akaketi. Kisha akawaita wenzake, "Jamani njooni mumwone nahodha wa bara!" Wakaja, wakaniona.

Wekesa alikuwa akifanya kazi mji mwingine wa pwani, mbali nami. Boti yake ilikuwa majini siku zote na valvu yake wazi, basi hakuna aliyemwuliza swali. Mwaka juzi ilipandishwa kupakwa rangi. Iliposhushwa, aliwasha akatoka na baharia mmoja kwenda kujaribu injini nje ya mwamba, upepo ukiwa mkali. Bomba la moshi halikutema hata tone. Angejua kama angegeuza shingo. Injini ilichemka ikazima katikati ya mlango wa mwamba, boti ikageuka ubavu, na wimbi la pili likaipindua. Baharia alitupwa mbali akaogelea. Wekesa alikuwa na jaketi la kuokolea, lakini boti ilimwangukia kichwani. Walipoitoa boti, valvu ilikuwa imefungwa. Baharia yule ndiye aliyenipigia simu, analia, ananiambia valvu, valvu, kama mtu anayetaja jina la mchawi.

Tulimzika nyumbani kwetu, kijiji cha Kwanza, kwenye shamba la baba. Nahodha alikuja mapema, na kabla ya ibada nilimweleza alivyokufa. Alinisikiliza akitazama chini. Wakati wa salamu za rambirambi mshereheshaji aliuliza kama mwalimu wa marehemu ana neno, naye akasimama, akavua kofia yake ya nanga. Sote tulingoja sifa, maana hata mwizi husifiwa siku hiyo.

"Huyu nirimfundisha," alisema. "Kira kitu. Hakusikia. Mjinga amekufa kijinga, na mimi siogopi kusema mbere ya Mungu."

Akaketi. Mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Baba wadogo wawili, ambao ndio wenye neno katika ukoo tangu baba afariki, walitazamana, na nikajua jambo limekwisha kuamuliwa. Baadaye niliwaeleza kuhusu valvu, nikawachorea hata kwenye mchanga. Baba mdogo mkubwa alinisikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Mwalimu wake mwenyewe amesema. Wewe ni dada yake, lazima umtetee." Mtoto alipozaliwa na wifi yangu akaomba aitwe Wekesa, walikataa. Walisema watatafuta jina lingine, la babu fulani, na wifi akasema kama si Wekesa basi hataitwa kitu. Ndivyo Toto alivyokuwa Toto.

Nahodha alikuwa amehama Kitale. Kifua kilimshinda, miguu ikavimba, akarudi kwao Myanga kukaa katika nyumba ya mabati nyuma ya shamba la miwa la binamu yake. Nilichukua likizo, nikambeba Toto mgongoni, nikaenda. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Ovaroli ilikuwa imepigwa pasi, lakini ndani yake alikuwa amebaki mtu mdogo.

"Unga," alisema. "Umekuja kuona nikikufa?"

"Nimekuja kwa sababu ya Wekesa, Nahodha."

"Huyo si turizika?"

Nilikuwa nimepanga kusema kwa upole. Upole ulinitoka wote hapo hapo. "Kule Kitale hatukuwahi kufungua valvu hata siku moja," nilimwambia. "Maji ilikuwa inatoka kwa pipa."

"Ndio."

"Na mtu akiangalia nyuma unamchapa."

"Ndio."

"Sasa nani alikuwa mjinga?"

Alikohoa muda mrefu, akatema kwenye kopo, akafunika kopo. "Ni mimi," alisema. "Uriponiambia varvu tu, nikajua. Nikaona nikinyamaza mtasema ni mimi. Ndio nikasema kwanza."

Alisema hivyo bila kubadilisha sauti, kama mtu anayeeleza alivyovuka barabara. Nilikuwa nimekaa zaidi ya mwaka nikiyatafuta maneno hayo na nilidhani yangenishibisha. Nilimwambia juu ya mtoto, juu ya wazee na jina, nikamwomba aje Kwanza aseme maneno hayohayo. Alimtazama Toto, ambaye alikuwa ameamka na anavuta kola yangu.

"Na wewe urijua rini?" aliniuliza.

"Nilijua nini?"

"Hiyo varvu. Umeendesha huko miaka na hujazama. Kwa hivyo kuna siku mtu arikuonyesha. Ni rini?"

"Wiki ya kwanza."

"Na simu urikuwa nayo?"

Simu nilikuwa nayo. Nilizungumza na Wekesa kila Jumapili, tukataniana kuhusu wageni na chakula cha pwani, na kila Jumapili nilikuwa na kicheko cha wale mafundi masikioni, na nikaona aibu kumwambia ndugu yangu kwamba nilichekwa. Nilijiambia watamwonyesha wao. Nilijiambia hivyo kwa miaka, mpaka siku baharia aliponipigia. Sijamwambia mama. Sijamwambia wifi. Mtu wa kwanza kulijua alikuwa huyu, na hakuambiwa, alilihesabu mwenyewe.

"Nitakuja," alisema. "Na hiyo yako sitasema. Rakini huyo mtoto apewe jina yangu. Hata kama ni ya piri. Mimi sina mtu, Unga. Nikizikwa hapa nyasi imee, ni kama sikuzaliwa."

Akaniambia jina lake la nyumbani, ambalo Kitale nzima hakuna aliyelijua. Ni jina zuri, la zamani, halisikiki sana siku hizi. Halitaandikwa hapa.

"Sawa," nilimwambia. "Atapewa."

Alikuja Kwanza Jumatano iliyofuata, kwenye teksi niliyoikodi, na watu wawili walimshika makwapa kumtoa. Wazee walikuwa wameketi kwenye viti, yeye hawakumpa kiti. Alisimama na fimbo katikati ya uwanja. Alinyoosha fimbo kwenye tangi la maji ya mvua lililo kando ya nyumba.

"Hiyo bomba ikifungwa, mama atapata maji ya kupika?"

"Hapana," alisema baba mdogo mkubwa.

"Na kama huyo mama hajawahi kuonyeshwa bomba iko wapi? Ni mjinga?"

Wazee waligeuka kulitazama tangi.

"Basi huyo ni Wekesa. Mimi ndiye sikumuonyesha. Na arikuwa na tabia ya kuhakikisha, nikamchapa mpaka ikatoka. Mimi ndiye nirimuua huyo kijana."

"Na kwa mazishi ulisema nini?" aliuliza baba mdogo wa pili.

"Nirisema uongo."

"Sema kwa nguvu, kuna wazee hawasikii vizuri."

Alisema kwa nguvu, akashikwa na kikohozi. Walingoja kikohozi kiishe wakamwambia aseme tena, kwa kuwa wengine wamefika sasa hivi. Akasema tena. "Kwa hivyo nani ndio mjinga?" aliuliza baba mdogo mkubwa, na nilimwona anaonja utamu wake. "Ni mimi ndio mjinga," alisema Nahodha. Wifi yangu alikimbilia jikoni analia. Mimi nilisimama pale karibu na tangi, mikono nyuma, na wakati mmoja alinitazama, mara moja tu. Angeweza kusema sentensi moja na viti vyote vingegeuka upande wangu. Alitazama kando, akaomba kupelekwa kwenye gari. Hakuna aliyempa hata maji.

Jumamosi yake walichinja jogoo. Mama alimpakata mtoto, akamwita kwa jina la Wekesa mara tatu sikioni, na mtoto akacheka, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Baba mdogo mkubwa alinigeukia. Kwetu shangazi huulizwa, ni haki yake. "Kuna jina lingine la kuongeza?" aliuliza. Nafasi ilikuwepo. Hata cheti cha kuzaliwa kina mahali pa jina la tatu. Watu walikuwa wanafurahi, wangekubali jina lolote, na ningeweza kusema ni la rafiki wa marehemu.

"Hakuna," nilisema.

Nimejiuliza sababu. Ningependa kusema ni kwa ajili ya mama na sauti ile ya siku ya mazishi, au kwa ajili ya shingo ya Wekesa iliyovimba miezi mitatu. Hizo zimo. Lakini ukweli ni kwamba sikutaka kumwita mtoto yule, kila asubuhi ya maisha yangu, kwa jina la mtu anayejua nilichofanya.

Baada ya wiki tatu binamu yake alinipigia. Alisema mzee amebaki kidogo, na anamwulizia mtoto kila siku. Nilitaka kutokwenda. Nilikwenda, na mtoto nilimbeba, kwa sababu wifi alisema ni lazima tumshukuru mzee wa watu, alijitia aibu kwa ajili yetu.

Alikuwa kitandani, ovaroli imetundikwa msumarini. Niliweka sakafuni thamosi ya uji niliyomletea, nikaketi ukingoni mwa kitanda, mtoto magotini. Nahodha alinyoosha kidole na mtoto akakishika, akakitia mdomoni, na mzee hakukitoa.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Wekesa."

"Wekesa." Alingoja. Kuku wa binamu yake walikuwa wanaparua nje ya ukuta wa mabati. "Wekesa nani?"

"Wekesa, na ile ya ubatizo."

"Hakuna ringine?"

"Hakuna."

Nilidhani atasema ile yangu sasa, kwa sauti, binamu yupo mlangoni. Badala yake alianza kucheka. Alicheka kama mtu anayepanda kilima, akisimama kupumua, akiendelea, mpaka machozi yakamtoka na mtoto naye akacheka kwa kumwona.

"Na mimi," alisema, "nirifikiri wewe una huruma. Ndio maana nirikuwa nakuchapa, ikutoke."

Alikitoa kidole chake kwenye mdomo wa mtoto, akakipangusa kwenye blanketi, akageukia ukuta. Akasema upepo unaingia, nikitoka nifunge mlango. Niliufunga. Nilipofika barabarani nikamsikia binamu yake ananiita kwa sauti, akidhani mtoto ni wangu, Mama Wekesa, Mama Wekesa, umesahau thamosi, na sikurudi kuichukua.